Nafasi ya Chinsoni: Siku Tatu na Wakwe Zangu Kisii na Nyamira

Kabla ya gari kuondoka, swali lilikuwa moja tu: nani akae wapi?

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani kwa wakwe zangu katika nchi ya Kitutu, kaskazini mwa mji wa Kisii. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na migomba iliyozunguka boma ilikuwa ikidondosha umande. Gari langu lina safu tatu za viti, linachukua watu saba. Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka mitano, shemeji yangu wa kiume, baba mkwe na mama mkwe. Nafasi ilitosha na kubaki. Lakini kwa Abagusii viti havigawiwi kwa idadi ya watu. Kwanza huulizwa nani ni nani kwa nani.

Mke wangu alinigusa mkono, nikatoka kwenye usukani nikasimama kando. Mama mkwe akapita upande wa pili wa gari, akapanda, akaketi safu ya mwisho kabisa, dirisha la kushoto, na mjukuu wake ubavuni. Mke wangu na shemeji wakajaza safu ya kati. Baba mkwe akaja mbele, kando yangu. Ndipo nikarudi kuwasha gari. Hakuna aliyetoa amri wala aliyeuliza. Kila mtu alijua mahali pake kama anavyojua mlango wa nyumba yake.

Kinachopanga watu hivyo huitwa chinsoni. Umoja wake ni ensoni, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa kuwa nasi tunalo neno soni, yaani haya. Ila kwa Abagusii neno hilo limekua likawa sheria ya maisha. Baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata, mzazi na mwana, mkwe na mkwe, kuna mpaka wa heshima. Kijana akishatahiriwa hutoka nyumbani kwa mama yake akalala katika esaiga, kibanda cha vijana wa kiume. Akishajenga nyumba yake na kuoa, baba yake haingii humo. Mambo ya mwili na ya chumbani hayatajwi baina yao. Na katika mipaka yote hiyo, ule ulio baina ya mkwe wa kiume na mama mkwe ndio unaochungwa kuliko mingine. Hawaketi karibu, hawali sahani moja, na katika familia hii hawashikani mikono. Siku hizi ziko familia zinazosalimiana kwa mkono bila wasiwasi. Hii niliyooa haijafika huko, wala haioni sababu ya kufika.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mombasa. Kwetu mkwe mwema huingia mpaka jikoni kumwamkia mama, akambusu mkono, akaulizwa amekula nini. Kwa hiyo miaka yangu ya kwanza ya ndoa niliumia kimyakimya. Nilipoingia sebuleni, mama mkwe alitoka. Nikimsalimu, aliitikia akiwa mlangoni, uso ameuelekeza pembeni. Nilidhani sikupendwa. Hata maneno ya nyumbani yalinichanganya: mke wangu alipiga simu akasema "baba", nikadhani anaongea na mzee, kumbe katika Ekegusii baba ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Kama neno la kwanza la mtoto linaweza kugeuka hivyo, basi nilipaswa kujua kwamba hata dalili za upendo zinaweza kugeuka.

Tulikuwa tumefika Ijumaa alasiri, baada ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi kwa njia ya Narok, Bomet na Sotik. Ukishapita Sotik, nchi hubadilika mbele ya macho. Mashamba makubwa hukatika, na vilima huanza kubanana: chai, migomba, mahindi, mkalitusi, nyumba, kisha chai tena. Keroka inakupokea mpakani, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugawana na hata kuugombania. Hapo utauona msongamano ambao sensa ya 2019 iliuandika kwa tarakimu: watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanaishi kwa kulima. Shamba lililomlea babu na ng'ombe wake leo limekatwa vipande kwa wana na wajukuu. Jirani akikohoa usiku, unamsikia.

Baba mkwe alikuwa amepiga simu mara tatu njiani kuuliza tumefika wapi. Haraka yake ilitokana na jua. Familia hii ni ya Wasabato, kama zilivyo familia nyingi sana za Gusii tangu wamisionari wa Kiadventista walipofika Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwanzoni mwa miaka ya 1910. Jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia. Hakuna kupasua kuni, kufua, wala kuanza safari ya matembezi. Tulikuta kuni zimepangwa, maji yamejaa kwenye mitungi, viatu vya kanisani vimeng'arishwa na kupangwa ukutani, na jikoni chinsaga imeshaiva.

Chinsaga ni mboga ya majani ambayo Waswahili huiita mgagani. Ni chungu, na uchungu wake hauondolewi kwa haraka. Huchemshwa, hutiwa maziwa, huachwa ilale, kisha hupashwa moto tena, na kila siku inayopita huizidishia utamu. Mwanamke aliyejifungua hupewa chinsaga kurudisha nguvu. Huliwa na obokima, ugali, na ugali wenye heshima ni ule wa wimbi, mweusi wa kahawia, unaotengwa ndani ya ekee, kikapu kidogo kilichosukwa kwa mabua ya wimbi lenyewe. Ekee hutunza joto, na jasho la ugali hupenya pembeni bila kuulowesha.

Mama mkwe aliipakua, akaifunika, akamkabidhi mke wangu, mke wangu akaileta sebuleni. Nilikula na baba mkwe na shemeji. Nyumba ya kale ya Kigusii ilikuwa na pande mbili: eero, upande wa mume na wageni, na upande wa mke, penye meko. Nyumba hii ni ya matofali na mabati, ina sofa na televisheni, lakini pande mbili zile zimo bado. Nilikaa eero. Sauti ya mama mkwe ilinifikia kutoka upande wa pili, akiuliza kama mboga imetosha chumvi. Alimuuliza binti yake.

Usiku nililala esaiga na shemeji. Yeye na mimi ni kizazi kimoja, hatuna chinsoni baina yetu, tukazungumza hadi usiku wa manane. Mke wangu alilala kwa mama yake, kama alivyolala akiwa msichana.

Jumamosi tulikwenda kanisani kwa miguu, na jioni, tukitembea kwenye njia nyembamba katikati ya mashamba ya chai, mke wangu alinieleza jambo ambalo halijawahi kutajwa sebuleni kwao. Bibi yake alikeketwa. Mama yake alikeketwa. Yeye na dada zake hawakupelekwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa 2011, lakini wao walikuwa wameshavuka umri wa kukeketwa. Aliyewaokoa hakuwa bunge. Ni mama yake, aliyekataa ndugu walipokuja kuuliza, akakataa tena, wala hakuwahi kueleza sababu kwa wanawe kwa sababu ensoni haimruhusu mama kuzungumza habari hiyo na bintiye. Mke wangu aliijua hadithi kwa shangazi. Niliisikiliza huku nikifikiri kwamba iko soni inayomfunika mtu asiaibike, na iko inayomfunga mdomo anapohitaji msaada. Katika nchi ambako desturi hiyo iliwafikia karibu wasichana wote na bado haijaisha, soni ya pili imefanya madhara makubwa. Mila ni lazima ichambuliwe kama wimbi kwenye ungo. Mama mkwe aliichambua peke yake, miaka mingi kabla ya serikali.

Baada ya jua la Jumamosi kuzama, ratiba ya Jumapili ikapangwa: asubuhi Tabaka, mchana Nyamira, jioni Manga.

Mazungumzo ya mkwe na baba mkwe nayo yana njia zake. Hatuzungumzi ndoa yangu, afya yangu wala mshahara. Tunazungumza barabara, mvua, bei ya majani ya chai na historia. Kwa hiyo tulipokatisha mji wa Kisii, ambao wazee huuita Getembe na wengine Bosongo, mahali pa wazungu, baba mkwe alinionyesha kwa kidole akanisimulia. Nabii Sakawa alitabiri ujio wa watu weupe. Mnamo 1905 walifika kwa bunduki. Mnamo Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere, akichochewa na Moraa Ng'iti, mwanamke aliyesifika kwa uganga na kwa ulimi usioogopa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote. Mzungu alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii waliadhibiwa kwa risasi, nyumba zao zikachomwa moto na mifugo yao ikachukuliwa. Mwaka 1912 na 1913 serikali ikavunja pia ebisarate, kambi za ng'ombe walikoishi vijana wapiganaji. "Tangu hapo," baba mkwe alisema, "watu walihesabu mali kwa shamba, si kwa ng'ombe. Na shamba halizai."

Nilitazama nyumba zilizopangana hadi vileleni, na ndipo nilipoanza kuielewa chinsoni. Watu walio wengi hivi juu ya ardhi ndogo hivi wangeishije bila kukanyagana? Kuta ni nyembamba na mipaka ya mashamba ni mstari wa mimea tu. Heshima ndiyo iliyobaki kuwapa watu nafasi.

Tabaka iko Mugirango Kusini. Kabla hujauona mji, unaona vumbi jeupe kwenye majani ya migomba. Hapa ndipo linapochimbwa jiwe la sabuni, laini kiasi cha kukatwa kwa panga, jeupe, la waridi, la kijivu, mara nyingine na mishipa ya rangi kama moshi. Wanaume huchimba na kuchonga, huku wanawake wengi wakisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, wakakausha na kupaka nta hadi jiwe ling'ae. Kutoka hapa alitokea Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye kazi yake imesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Baba mkwe alilitaja jina hilo kama mtu anayemtaja ndugu.

Tulisimama kwa fundi mmoja aliyekuwa akichonga mama na mtoto kutoka jiwe moja. Binti yangu alimwuliza kwa nini anatoboa katikati badala ya kuwaacha washikane. Fundi akajibu kwa upole kwamba kuchonga uso ni rahisi, kazi iko hapo katikati. Usipotoa jiwe lililo baina yao, alisema, hutapata mama wala mtoto, utabaki na bonge. Nikanunua sanamu hiyo ilipokamilika. Nilitaka iwe ya mama mkwe. Nikampa mke wangu, mke wangu akampa shemeji, shemeji akaifikisha safu ya mwisho. Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya mshangao, kisha kimya kirefu.

Kutoka Tabaka tulirudi Kisii na kupanda kuelekea Keroka, kisha tukaacha barabara kuu na kuingia Nyamira. Hapa hewa inapoa zaidi, na chai inashuka vilimani kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Magari ya viwanda vya chai yalikuwa yameegeshwa kwa sababu ya Jumapili. Tulipita Kebirigo, tukafika nyumbani alikozaliwa mama mkwe, Mugirango Kaskazini.

Mgusii haoi katika ukoo wake. Ndiyo maana kila ndoa ni barabara kutoka ukoo hadi ukoo, na wazee hukumbusha kwamba watu waliooleana ndio hao hao waliopigana zamani. Posa hakuipeleka kijana mwenyewe. Alitumwa esigani, mshenga, mtu wa kati aliyezijua nyumba zote mbili na kubeba maneno mazito bila kuyamwaga. Ng'ombe wa mahari, chiombe, walifuata. Mke aliyefanyiwa enyangi, harusi kamili ya kimila, alivikwa ebitinge, pete za chuma za miguuni, ikawa alama kwamba barabara ile haivunjiki. Bibi wa mke wangu, mama yake mama mkwe, alikuwa kijana wakati ebitinge bado zinavaliwa. Sasa anatembea kwa fimbo.

Alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili. "Mume wangu amekuja!" alisema kwa Kiswahili, na boma zima likacheka. Akanivuta niketi kwenye benchi lake, akanigusa tumbo, akauliza mbona huyu mke mwenzake hanilishi. Kati ya babu na mjukuu hakuna ensoni, kuna utani tu, na mume wa mjukuu ni mjukuu. Baada ya siku mbili za kupima kila hatua, niliachia mabega yangu nikacheka kwa sauti.

Kisha baba mkwe akaingia.

Bibi akanyamaza. Akarekebisha leso yake, akayatazama majani ya migomba. Baba mkwe, mwanamume ambaye nyumbani kwake neno lake hunyoosha kila kitu, alisimama kwenye kizingiti akiwa ameshika kofia mkononi. Alisalimu akiwa mbali. Hakuketi mpaka shemeji yake mdogo alipomletea kiti, na alikiweka karibu na mlango. Chai ilipoletwa haikutoka mikononi mwa bibi. Ilimpitia mtoto. Kwa saa mbili nzima hakutania wala hakutoa amri. Ameoa katika boma hili zaidi ya miaka 40, na bado hapa yeye ni omoko, mkwe, sawa na mimi.

Nilimtazama, naye akanitazama. Sidhani kama tumewahi kuelewana kuliko dakika ile. Mkono ule ule wa bibi uliokuwa umenishika mimi ulikuwa umefichwa ndani ya leso mbele yake, na si kwa sababu ananipenda mimi zaidi. Kwangu heshima yake ni utani, kwake heshima yake ni umbali, na vyote viwili huvitoa kwa ukamilifu. Nilikumbuka miaka niliyohesabu hatua za mama mkwe kama dalili za chuki, nikaona haya. Hiyo ilikuwa ensoni yangu ya kweli ya kwanza.

Kabla ya kuondoka, binti yangu aliuliza maana ya majina ya watoto waliokuwa wakicheza naye. Wengi hupewa majina ya waliotangulia katika ukoo, lakini mengine yana habari ya kuzaliwa ndani yake. Kwamboka ni jina la kuvuka. Nyanchera linatokana na enchera, njia, na Makori nalo ni la njiani. Bibi akasema kwamba watoto wa barabara ni wengi nchi hii, kwa sababu kila mwanamke wa Kigusii amesafiri mara moja safari isiyo na kurudi. Safu ya mwisho ya gari ilikuwa ikimngoja mama mkwe, na alipomuaga mama yake hakugeuka nyuma.

Tulifika Manga jua likiwa limebakiza mkono mmoja. Ukingo wa Manga hukatika ghafla, na nchi yote ya Gusii inatandazwa chini: mapaa ya mabati, moshi wa meko, mistari ya chai, na upande wa magharibi, anga ikiwa safi, mng'ao wa Ziwa Victoria. Tulisimama kwa mpangilio ule ule wa gari, bila mtu kuupanga. Mama mkwe alikuwa mbali nami kiasi cha hatua kumi, amemshika mjukuu wake mkono.

"Mwambie baba yako," alimwambia mtoto, kwa sauti iliyotosha kunifikia, "jiwe lile nimeliona. Nimeona pale katikati."

Mtoto akageuka kuniambia. Nikamwambia amjibu bibi kwamba nimesikia. Akageuka tena. Maneno yalikwenda na kurudi hivyo, juu ya ukingo ule, kwa muda mrefu kuliko mazungumzo yoyote niliyowahi kuwa nayo na mama mkwe. Aliniuliza habari za mama yangu Mombasa. Aliuliza kama bahari inaogofya usiku. Aliniambia, kupitia kwa mtoto wa miaka mitano, kwamba ananiombea kila Sabato, kwa jina.

Jumatatu alfajiri tulijiandaa kuondoka. Gari lilikuwa limeshajaa ndizi, maparachichi na fungu la chinsaga lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Mama mkwe alitoka jikoni akiwa na ekee mpya, imefunikwa. Mke wangu alikuwa bado ndani, na mtoto hakuwepo karibu. Akasimama. Nami nikasimama. Kisha akaja hadi mbele ya gari, akaiweka ekee juu ya boneti, akarudi nyuma hatua tatu na kuinamisha macho.

Nikasogea, nikaichukua kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto.

Nilipowasha gari, safu ya mwisho ilikuwa tupu. Binti yangu akaipokea ekee, akapanda hadi nyuma kabisa, akaiweka dirishani kushoto, pale alipoketi bibi yake, akaifunga mkanda.